Kupima kaboni dayoksaidi ya maji ya juu ya bahari kutoka meli za biashara: jinsi ya kufunga na kuendesha mtambo

Meli ya mizigo inayorudi njia ileile mwaka mzima hupita mahali ambapo meli ya utafiti hufika mara chache, tena hupita majira yote. Ndiyo maana mitambo ya kupima CO2 imewahi kufungwa kwenye meli kama Nuka Arctica kati ya Denmark na Greenland, Trans Future 5 kati ya Japani, Australia na New Zealand, na meli ya abiria Explorer of the Seas huko Karibi. Kinachopimwa ni shinikizo la CO2 katika maji ya juu, kwa maikroatmosfia (µatm). Likilinganishwa na la hewa iliyo juu yake, linaonyesha kama bahari mahali hapo inafyonza gesi hiyo au inaitoa.

Lengo linalokubalika ni usahihi wa 2 µatm kwa maji na 0.2 µatm kwa hewa. Maji mengi yana thamani karibu na 400 µatm, kwa hiyo kosa lote haliruhusiwi kuzidi nusu asilimia. Wanaoanza huelekeza fedha na wasiwasi wao kwenye kipimagesi. Kipimagesi cha kisasa cha mionzi ya infraredi, kikihakikiwa ipasavyo, mara chache ndicho kinachoharibu data. Data huharibiwa na joto, shinikizo na mabomba, na huko ndiko nguvu nyingi za mwongozo huu zinakoelekea.

Maji yanakoingilia

Chukua maji kwenye kina cha mita 3 hadi 7, karibu na omo kadiri meli inavyoruhusu. Kwenye meli nyingi za biashara hutapata nafasi hiyo, utaambiwa uunganishe kwenye bomba kubwa la maji ya kupozea injini. Inawezekana, ila kwa sharti moja lisilojadiliwa: mahali unapochukulia maji yako pawe kabla ya mahali ambapo klorini au shaba huingizwa kuzuia viumbe wasigande kwenye mabomba. Mwombe mhandisi mkuu mchoro wa mabomba, kisha ufuate bomba lenyewe kwa macho, kwa sababu michoro ya meli iliyozeeka haifanani daima na kilichopo.

Jihadhari pia na viputo. Meli ikiwa tupu na bahari ikiwa imechafuka, tundu la kuingizia maji hupanda karibu na uso na kumeza hewa. Pampu ya kusukuma maji hupoteza mtiririko, na viputo hubadilisha kiasi cha gesi ndani ya maji kabla hujakipima. Tundu lililo chini kabisa, mbali na ubavu, husumbua kidogo kuliko la ubavuni.

Peleka maji mengi kwa kasi hadi karibu na mtambo, angalau lita 10 kwa dakika, kisha uchepushe lita 1.5 hadi 2 tu ziingie kwenye kisawazishi, yaani chombo ambamo CO2 ya hewa hulinganishwa na ya maji. Mengine yarudi baharini. Bomba la mita 40 lenye kipenyo cha ndani cha milimita 25 hubeba karibu lita 20. Kwa lita 10 kwa dakika, maji hukaa humo dakika 2. Ukiyapitisha kwa lita 2 tu kwa dakika yatakaa dakika 10, yatapata joto la chumba cha injini, na viumbe walioota ndani ya bomba watapumua na kuongeza CO2. Weka chujio kabla ya mchepuko, la aina inayofunguliwa kwa mkono bila spana.

Joto: hapa ndipo namba hupotea

Shinikizo la CO2 ndani ya maji ya bahari hupanda takriban 4.23% kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi. Kwa 400 µatm, hiyo ni karibu 17 µatm. Kosa la nyuzi 0.05 pekee hukula 0.85 µatm, yaani karibu nusu ya kosa lote unaloruhusiwa. Kwa hiyo unahitaji vipimajoto viwili vizuri: kimoja palepale maji yanapoingia melini, kabla ya pampu, na kingine ndani ya kisawazishi. Kile cha thamosalinografu (kifaa cha kupima joto na chumvi ya maji), ambacho hukaa maabara au chumba cha injini, hakiwezi kushika nafasi ya kile cha kwenye tundu. Hicho kitumie kwa chumvi tu.

Vipimajoto vyote viwili vipelekwe kuhakikiwa kila mwaka. Tofauti kati yao ikae chini ya nyuzi 1. Chini ya 0.5 ni bora zaidi. Ichore tofauti hiyo kwenye grafu kila siku. Ikipanda polepole kwa wiki kadhaa, chujio linaziba au utando unaota bombani. Ikiruka ghafla, mtiririko umepungua au pampu imebadilishwa. Grafu hii moja huonyesha matatizo mengi kuliko kengele zote za programu.

Usisahau kuchelewa kwa maji. Joto linalosomwa kwenye tundu sasa hivi ni la maji yatakayofika kwenye kisawazishi dakika 2 baadaye, na meli yenye kasi ya noti 15 huwa imesogea karibu kilomita 0.9. Tafuta mahali ambapo joto la bahari limebadilika ghafla, linganisha mistari miwili ya joto, usogeze mmoja hadi ilingane. Rudia kila mtiririko unapobadilishwa.

Kisawazishi

Ni chombo kilichofungwa ambamo maji hunyunyizwa kutoka juu kama bafu, na juu ya maji kuna nafasi ya hewa. Hewa hiyo huzungushwa kwa pampu ndogo, kati ya mililita 70 na 150 kwa dakika, hupita kwenye kikaushi na kipimagesi, kisha hurudi. Baada ya muda CO2 yake hulingana na ya maji. Maji yenyewe hayaathiriki kwa sababu huja mapya wakati wote.

Nafasi ya hewa lazima iwe wazi kwa shinikizo la chumba, vinginevyo mnyunyizo utaibana au kuinyonya. Lakini tundu hilo likifunguka moja kwa moja chumbani, kila upungufu wa gesi utajazwa na hewa ya chumba cha injini, ambayo mara nyingi ina CO2 nyingi kuliko ya nje. Suluhisho ni kisawazishi kidogo cha pili kinachopata maji yaleyale: hewa inayoingia hupitia humo kwanza, ikifika ndani imekwisha kukaribia thamani sahihi.

Mfereji wa kutoa maji ndio sehemu inayodharauliwa. Uwe mpana, uteremke bila kupanda popote, uwe na mpindo wa maji unaozuia hewa isipite, na uwe na tundu la kukata mvuto. Mfereji ukijaa na kuanza kuvuta, utanyonya hewa ya kisawazishi na usomaji utayumba kila meli inapolala. Ukiziba, maji hupanda hadi kwenye mirija ya gesi, na kipimagesi kikilowa chumvi gharama yake ni kubwa. Weka kihisi cha maji kwenye mrija wa gesi na kingine sakafuni, vyote viwili vikate pampu na kufunga valvu ya kuingizia maji bila kusubiri mtu. Mhandisi mkuu atauliza kuhusu jambo hili kabla ya lingine lolote, na ana haki: kwake wewe ni tundu jipya kwenye meli yake.

Kupima kama kisawazishi kinafanya kazi, ingiza naitrojeni kwenye nafasi ya hewa kwa muda mfupi kisha utazame usomaji ukirudi. Ukiwa na chombo kizuri, sehemu kubwa ya pengo huzibwa ndani ya dakika 2 hivi, na baada ya dakika 10 huoni tofauti. Urejeo ukichukua mara mbili ya ule wa siku ya ufungaji, kichwa cha mnyunyizo kimeziba.

Kukausha, kusoma, kuhakiki

Gesi yenye unyevu hudanganya kipimagesi. Ipoze kwanza hadi nyuzi 5 hivi ili maji yadondoke, kisha ipitishe kwenye mrija wa Nafion, ambao kuta zake hutoa mvuke uliobaki. Usiache kipozeo kishuke hadi kugandisha. Barafu huziba mrija na mtiririko hufa kimyakimya.

Kwa kila usomaji, pitisha gesi kwa dakika 2 hadi 3, simamisha mtiririko kwa sekunde 5 hadi 10 ili seli irudi kwenye shinikizo la chumba, ndipo usome. Kusoma gesi ikiwa inakimbia huongeza kosa la shinikizo ambalo hubadilika kila chujio kinapochafuka.

Gesi za rejea ziwe angalau nne zenye CO2, zikianzia chini ya thamani ndogo utakayokutana nayo na kuishia juu ya kubwa kabisa. Njia inayopita kwenye maji baridi yanayopanda kutoka kilindini huhitaji mtungi wa juu zaidi kuliko njia ya katikati ya bahari. Zote zifungamane na kipimio cha Shirika la Hali ya Hewa Duniani, na CO2 iwe imechanganywa kwenye hewa ya kawaida. Mtungi wa CO2 ndani ya naitrojeni tupu ni rahisi kupatikana, lakini oksijeni ikikosekana mistari ya infraredi inayofyonzwa na CO2 hutanuka kwa namna nyingine na jibu huhama. Pitisha mitungi yote kila saa 3, na gesi ya sifuri, yaani isiyo na CO2, mara moja kwa siku.

Kwa mililita 80 kwa dakika na dakika 2.5 kila zamu, mtungi mmoja hutumia lita 0.2 kwa zamu, lita 1.6 kwa siku. Mtungi wa lita 10 uliojazwa hadi baa 130 una takriban lita 1,300. Ukiubadilisha unapofika baa 20, kwa sababu chini zaidi ya hapo CO2 iliyonata kwenye kuta huanza kuachia, utakaa karibu miaka miwili. Ukiisha ndani ya mwezi, una mvujo kwenye regyuleta. Kutafuta mvujo kwenye mirija inayovuta, pumua karibu na kila kiungo: pumzi ya binadamu ina CO2 karibu mara mia ya ile ya hewa, na usomaji utaruka mara moja.

Hewa ya nje ivutwe kutoka omo, juu, kwa mrija wenye utando wa aluminiamu. Upepo ukitoka tezi, moshi wa bomba la injini utafika. Futa vipimo hivyo kwa kufuata mwelekeo wa upepo.

Shinikizo na hesabu

Kosa la hektopaskali 1 huleta 0.4 µatm. Barometa ya darajani, mita 30 juu ya mtambo, husoma chini kwa takriban hektopaskali 3.6; ukiitumia bila kusahihisha umepoteza 1.4 µatm. Weka barometa karibu na mtambo, na geji ya tofauti kati ya chumba na kisawazishi.

Mfano wa hesabu: gesi kavu imesoma 410 ppm (sehemu kwa milioni), shinikizo la kisawazishi ni atmosfia 1, joto lake 28.0, chumvi 35. Mvuke wa maji kwa mlinganyo wa Weiss na Price wa 1980 ni atm 0.0366. Kwa hiyo 410 × (1 − 0.0366) = 395.0 µatm. Maji kwenye tundu yalikuwa nyuzi 27.7, basi zidisha kwa e iliyopandishwa kwa 0.0423 × (27.7 − 28.0), upate 390.0 µatm. Kugeuza kuwa fugasiti, yaani shinikizo lililosahihishwa kwa kuwa CO2 si gesi kamilifu, hupunguza karibu 0.3%, unabaki na 388.8. Hifadhi namba ghafi zote, si hii ya mwisho tu, kwa sababu joto na gesi za rejea husahihishwa baada ya vifaa kurudi kuhakikiwa.

SOCAT, hifadhidata ya kimataifa ya CO2 ya maji ya juu ya bahari, hupokea data kwa madaraja: A na B kwa usahihi wa 2 µatm, C na D kwa 5, E kwa 10. Ukikosa kumbukumbu za uhakiki wa vipimajoto utashushwa, hata kama namba zako ni nzuri.

Meli ikifunga gati

Mtambo ujizime wenyewe kwa GPS kabla ya kuingia bandarini, usije ukanyonya tope na mafuta, kisha ujisafishe kwa maji yasiyo na chumvi na kubaki hivyo hadi meli itoke. Meli ya makontena inaweza kuondoka baada ya saa chache, hivyo kazi ifuate mpangilio. Anza na kunakili data, kwa sababu hicho ndicho usichoweza kukirudia. Safisha chujio na kichwa cha mnyunyizo. Ukiwa na cha akiba, badilisha tu, kile kichafu ukisafishe ukiwa nchi kavu. Soma mitungi. Pumulia viungo. Fanya jaribio la naitrojeni ikiwa kuna maji yanayopita. Mwisho, mwonyeshe mhandisi wa zamu valvu ya kufunga maji iliko na umwachie maelezo ya ukurasa mmoja yaliyobandikwa mlangoni, kwani mabaharia hubadilishwa na aliyekuwepo ulipofunga mtambo huenda ameshashuka.