Kabla hujapanda meli Kigoma kwenda ng'ambo ya ziwa: pasipoti, muhuri na kadi ya homa ya manjano

Wengi wetu tunaichukulia Kalemie ya Kongo au Bujumbura ya Burundi kama Kasulu tu, mji wa hapa hapa mkoani Kigoma: ndugu yuko kule, mzigo uko kule, Kiswahili kinasikika kule. Lakini ukishuka gatini umeingia nchi nyingine, na ofisa aliyekaa mezani hana habari kwamba shangazi yako anauza vitenge nyuma ya ukuta wa bandari. Ziwa Tanganyika lina nchi nne, na kila moja ina meza yake.

Pasipoti kwanza. Iwe imebakiza angalau miezi 6 na kurasa mbili tupu. Mpya ni shilingi 150,000 na inadumu miaka 10. Kwa kuwa tuko mkoa wa mpakani, maswali ya uraia huwa marefu. Nenda Uhamiaji na kitambulisho cha taifa cha NIDA, cheti chako cha kuzaliwa na cha mzazi, na majina yafanane kila herufi. Usiombe wiki ya safari. Ukipewa hati ya dharura, uliza kabla ya kulipa nauli kama nchi unayokwenda inaipokea.

Viza. Kwa Zambia na Burundi, mwenye pasipoti ya Tanzania haombi viza. Kongo imo Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, lakini usipande meli kwa kutegemea uanachama huo. Ubalozi wao mdogo uko hapa hapa Kigoma mjini. Pita na pasipoti mkononi uulize masharti na ada, hata kama uliuliza mwaka jana. Ukiwa na mgeni kutoka nje, angalia viza yake ya Tanzania. Ile ya kawaida ya dola 50 ni ya kuingia mara moja. Akienda Mpulungu, bandari ya Zambia, akagongewa muhuri wa kutoka Tanzania, imekwisha kazi, hata kama siku zake 90 zilikuwa hazijafika nusu. Akirudi, hata kwa meli ile ile, anahesabiwa kuwa anaingia upya na atatakiwa viza nyingine.

Muhuri wa kutoka ugongwe Tanzania kabla chombo hakijavuka mpaka. Wanaoteleza zaidi ni wanaopanda boti kwenye mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma: boti inajaa haraka, nahodha anaita, abiria anaruka ndani. Akifika upande wa pili pasipoti yake haioneshi alikotoka, na akirudi haioneshi kwamba aliwahi kuondoka. Hapo ana maelezo ya kutoa mara mbili.

Sasa kadi ya njano, ya chanjo ya homa ya manjano. Hii ndiyo inayowalaza watu bandarini. Mtu anachanjwa Alhamisi, meli ni Ijumaa, anaamini amemaliza. Ofisa wa afya anafungua kadi, anaweka ncha ya kalamu kwenye tarehe, anahesabu. Cheti huanza kuwa halali siku 10 baada ya sindano, kwa sababu mwili unahitaji muda huo kujenga kinga. Uliyechanjwa tarehe 3, cheti chako kinaanza kazi tarehe 13. Hakuna cha kubembeleza hapo. Mzigo unaondoka, wewe unabaki.

Na usidhani kadi ni ya kwendea tu. Kongo na Burundi zote zina hatari ya homa ya manjano, kwa hiyo Tanzania inaidai kwa anayetoka huko. Hata kama ulikopita hukuulizwa, Kigoma utaulizwa ukirudi nyumbani kwako. Isome kabla hujaondoka kwenye kituo cha chanjo: tarehe, namba ya bechi, sahihi, muhuri wa kituo, na jina kama lilivyo kwenye pasipoti. Kina mama wengi huandikwa jina la mume kwenye kadi wakati pasipoti ina jina la baba; rekebisheni hapo hapo. Kadi ya zamani iliyoandikwa miaka 10 usiitupe: tangu Julai 2016 sindano moja inatambuliwa kwa maisha yote. Mjamzito, au mwenye mzio mkali wa mayai, aonane na daktari kwanza apate cheti cha kutochanjwa. Kadi za kununua vichochoroni ziacheni. Hazikingi mtu, na zikigundulika ni kesi.

Mtoto awe na hati yake mwenyewe, cheti cha kuzaliwa, na barua ya mzazi asiyesafiri.

Saa: Kalemie, Bujumbura na Mpulungu ziko nyuma yetu kwa saa moja. Simu ikishika mtandao wa kule inajibadilisha yenyewe. Uliza meli inaondoka kwa saa za wapi, maana ukikosea unaikuta imeshang'oa nanga.

Dola ziwe safi, zisizochanika. Kongo noti yenye mpasuko mdogo tu inarudishwa. Hati zote ziwe kwenye mfuko wa plastiki kifuani, si kwenye begi lililofunikwa na magunia ya saruji. Nakala mwachie mtu nyumbani. Usipige picha bandarini. Usibebe bahasha wala kifurushi cha mtu usiyemjua. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa kusini huwa mkali, kwa hiyo jaketi la kuokolea liombe kabla ya kukaa, na boti iliyojaa hadi ukingoni iache iende.