Umegongwa na gari ya wizi au gari imekimbia haijulikani? Fidia unaweza kudai, fanya hivi

Watu wengi wakigongwa na gari ikatimua, au polisi wakawaambia ile gari ilikua ya wizi, wanakata tamaa palepale, wanasema sasa ntamdai nani. Inaniuma sana hii maana nchi nyingi zina utaratibu kabisa wa kulipa watu kama hao, ila madai mengi yanakufa zile siku za mwanzo, mtu hajaripoti, hajapiga picha, shahidi hana hata mmoja.

Kwanza jua hizi ni kesi mbili tofauti na kila moja ina njia yake. Gari ya wizi ikishapatikana plate namba basi ina mwenyewe, na mwenyewe mara nyingi ana bima. Kumfata yeye mfukoni mara nyingi haisaidii, nae kaibiwa, we tafuta kampuni iliyokatia bima ile gari. Uingereza kwa mfano sheria yao ya barabarani ya 1988 inaibana kampuni ya bima ilipe hukumu ya aliegongwa hata kama dereva alikua mwizi, alafu kampuni ndio ihangaike na huyo mwizi. Kuna nchi zingine za Ulaya kesi ya gari ya wizi inapelekwa kwenye mfuko wa fidia, yani chombo kinacholipa waliogongwa wasio na kampuni ya kudai, badala ya kampuni, kwaiyo uliza mapema mlango wako ni upi. Ila kama ulikua abiria ndani ya hiyo gari na ulijua imeibwa, huko Uingereza usitegemee kulipwa.

Gari iliyokimbia isijulikane ndio ngumu zaidi, hapa huna kampuni ya kuidai, unadai mfuko. Uingereza kuna MIB (Motor Insurers' Bureau), ipo tangu 1946 na inaendeshwa kwa michango ya kampuni za bima zenyewe, Ujerumani kuna Verkehrsopferhilfe, Afrika Kusini kuna Road Accident Fund. India tangu Aprili 2022 serikali inatoa rupia 200,000 kwa familia ya aliefariki na 50,000 kwa alieumia vibaya. Marekani mara nyingi unarudi kwenye bima yako mwenyewe, ile kava ya kugongwa na dereva asie na bima, angalia kama ulilipia.

Sasa hapa ndo pa kukaza. Ukigongwa usiifukuze ile gari, utaumia zaidi au utapoteza mashahidi, wewe andika au jirekodi kwenye simu chochote unachokumbuka, herufi mbili za namba, rangi, aina ya gari, imeelekea wapi, saa ngapi, maana baada ya masaa machache kichwa kinaanza kuchanganya. Omba namba za simu za walioona kabla hawajatawanyika, hilo usiliache kabisa. Vipande vya taa au bampa vilivyobaki barabarani vipige picha pale pale vilipo alafu wape polisi, vingine vina namba za kiwandani zinazoonyesha ni gari ya aina gani, na rangi iliyobaki kwenye gari au pikipiki yako ipige picha kabla hujaosha wala kupeleka gereji. Alafu zungukia majengo ya jirani uulize kamera, siku hiyohiyo, sio wiki ijayo, kwa sababu mitambo mingi inarekodi juu ya vidio za zamani na ikishafutika ndo basi. Wakigoma kukupa nakala waombe tu wasiifute, na polisi uwatajie jengo lenyewe.

Polisi ripoti haraka na uondoke na namba ya taarifa. Bila taarifa ya polisi madai ya gari isiyojulikana yanakua dhaifu mno, wanaolipa wanaogopa watu wanaojigonga ukutani wakaja kusema kuna gari imekimbia.

Hiyo hofu ndio inafanya pia mali ilipwe kwa shida kuliko mwili. Uingereza kama gari haikujulikana, uharibifu wa gari yako peke yake hawalipi, mpaka kuwe na mtu alieumia vibaya kwenye ajali hiyohiyo. Afrika Kusini mfuko wao haulipi mali kabisa, ni majeraha na vifo. Majimbo kadhaa ya Marekani yanataka ile gari iwe imekugusa kweli, yani kama ilikubana tu ukakwepa ukagonga mti, jiandae kubishaniwa, na hapo shahidi ndo anaokoa.

Kwaiyo hospitali nenda siku ileile hata kama unajiona mzima, shingo na mgongo mara nyingi vinaanza kuuma kesho yake, na mwambie daktari ni ajali ya gari ili aandike hivo. Tunza risiti zote, za dawa, za usafiri wa kwenda matibabu, na ushahidi wa kipato ulichokosa. Na usisaini malipo ya mwisho wakati bado unatibiwa, ukishasaini imekula kwako.

Muda nao hauchezewi. Uingereza ukomo wa kudai majeraha kwa kawaida ni miaka 3, Afrika Kusini gari ikijulikana ni 3 lakini isipojulikana ni 2 tu. Mfuko ukikataa kuna ngazi ya kupinga, kwa MIB unaweza kuomba msuluhishi wa nje asikilize, na kama umeumia sana tafuta wakili wa ajali mapema, hata kabla hujajaza fomu.

Na ukishawasilisha endelea kuwapigia polisi, ile gari ikipatikana baadae waambie mfuko haraka, kwa sababu njia ya kudai inaweza kubadilika ikawa ya kampuni ya bima na hata uharibifu wa gari yako ukaingia kwenye madai.