Mtu akikuletea habari mbaya, dakika ya kwanza unafanya nini?

Katoni 40 ziliwahi kwenda kwa mteja asiyehusika kwa sababu ya ukali wangu. Kijana wa zamu ya usiku alichanganya lebo za mizigo miwili, akagundua gari likiwa bado halijaondoka, akanyamaza. Nilipombana aseme kwa nini, alijibu huku akiangalia sakafu: "Bosi, juzi ulivyomfokea mwenzangu mbele za watu, nikaona bora ligundulike lenyewe." Kosa la huyo mwenzake lilikuwa dogo, mimi nilishalisahau. Wao hawakusahau.

Ninasimamia watu 11 stoo. Tangu siku hiyo, nikiulizwa namna ya kujenga mahali pa kazi panapomjali mtu, naanzia kwenye swali hilo la juu. Kauli mbiu zilizobandikwa ukutani zinaweza kusubiri.

Anza kwa kusema, "Asante kwa kuniwahi." Useme kabla ya swali lolote, hata kama moyoni unaungua. Kisha uliza, "Sasa hivi tunaweza kuokoa nini?" Maswali ya "nani?" na "kwa nini?" yaache mpaka mzigo urudi, hayakimbii. Kama hasira imekupanda, sema "nipe dakika tano," utoke nje, halafu urudi kweli. Na usimtwike aliyeripoti kazi yote ya kurekebisha eti kwa kuwa yeye ndiye aliyeona. Mimi nilifanya hivyo mara mbili, watu wakajifunza kutoona.

Mtafiti mmoja wa Harvard, Amy Edmondson, alichunguza makosa ya utoaji dawa hospitalini katika miaka ya 1990. Alitarajia kwamba timu zinazoelewana vizuri zingekuwa na makosa machache. Takwimu zikamjia kinyume: ndizo zilizokuwa na makosa mengi zaidi kwenye kumbukumbu. Alipochimba zaidi akaona kwamba huenda hawakukosea kuliko wengine, ila walikuwa huru kuyasema. Ndiyo maana daftari langu la makosa likipita mwezi mzima tupu, sifurahii. Nazunguka nikiuliza kimyakimya nimemtisha nani.

Toyota nako, mfanyakazi kwenye mstari wa kuunganisha magari akiona kasoro huvuta kamba, au viwanda vingine siku hizi hubonyeza kitufe, na kiongozi wa timu humfuata hapo hapo. Tatizo lisipotatuliwa kwa wakati, mstari unasimama. Wengi husimulia habari ya kamba. Mimi naona siri iko kwa huyo anayekuja mbio, kwa sababu ukivuta mara tatu bila mtu kutokea, ya nne huivuti. Kamba yetu sisi ni neno moja: "Simama." Hata aliyeajiriwa jana anaruhusiwa kulisema, na likitamkwa naacha nilichoshika.

Salamu sasa. Kabla sijawasha kompyuta nampitia kila mtu alipo. Huwa ni dakika 10, pengine 12. Sipungi mkono kwa mbali. Mtu akinigusia kwamba mwanawe ana mtihani Alhamisi, naandika kijitabuni, Ijumaa namuuliza ulikwendaje. Kuna aliyenicheka kwamba ninajali kwa kusoma kwenye karatasi. Sawa, kichwa changu kinavuja, karatasi haivuji.

Kila baada ya wiki mbili nakaa na kila mmoja peke yake dakika 20. Usiulize "kila kitu kiko sawa?" maana jibu ni "sawa bosi" hata nyumba ikiwaka moto. Uliza, "Wiki hii nini kilikupotezea muda?" Utatajiwa mlango usiofunga vizuri, fomu inayojazwa mara mbili, mtu wa idara nyingine asiyejibu. Chagua kimoja ukitengeneze kabla ya kikao kijacho. Ukilazimika kuahirisha, wewe ndiye utafute nafasi nyingine siku hiyo hiyo. Usisubiri mdogo wako kikazi akukumbushe.

Ratiba ya zamu itoke wiki mbili kabla. Ukitaka kuibadilisha, omba, na ukubali kukataliwa. Kwangu hili lina heshima kuliko sherehe yoyote ya mwisho wa mwaka. Ujumbe wa kazi unaokujia kichwani usiku uandike, uutume asubuhi; Ufaransa haki ya kutosumbuliwa na kazi baada ya saa za kazi imo kwenye sheria tangu 2017, lakini wewe huhitaji sheria kuacha simu ya mwenzako ilale. Ukisifu, taja kitu chenyewe: "Ulivyopanga ile rafu ya chini imetuokolea nusu saa."

Kilichonishinda kwa muda mrefu ni kukiri makosa yangu mwenyewe. Siku hizi kikao cha Jumatatu nakifungua kwa kusema nilikosea wapi wiki iliyopita, kosa la kweli, siyo lile la "nafanya kazi kupita kiasi." Wiki tatu za mwanzo nilizungumza peke yangu, wengine wakikagua viatu vyao. Ya nne aliyeinua mkono ni yule kijana wa lebo. Alisahau kuichaji skana, zamu nzima ikahesabu mzigo kwa kalamu. Nikasema asante kwa kuniwahi. Mmoja nyuma akadakia kwamba skana yenyewe betri yake haikai hata saa mbili, na walikuwa wanalijua hilo kwa miezi.

Tukaagiza betri mpya siku ile ile.