Nobu ya pedali ya gita ikizungushwa na Arduino
Wenye magita, nimejaribu hii juzi hapa Malindi ikakubali: usiunge Arduino (kikompyuta kidogo cha kuprogramu) kwenye njia ya sauti ya pedali (kile kiboksi cha kukanyaga kinachobadili sauti ya gita), chukua LED (kitaa kidogo) na LDR (rezista inayobadilika kwa mwanga) zitazamanishe ndani ya mpira mweusi ule unaosinyaa ukipata moto (heat shrink), halafu miguu ya LDR ichomee pale ilipokuwa nobu ya geini (ya kukuza nguvu ya sauti). Pini ya PWM ya Arduino (inayowasha na kuzima haraka haraka ili mwanga uzidi au upungue) inawasha LED kupitia rezista ya 1k, mwanga ukizidi ukinzani wa LDR unashuka, yani kinachovuka ni mwanga tu sio umeme. Selotepu nyeusi achana nayo, joto la huku gundi inaachia mwanga unaingia. Tremolo (sauti kupanda na kushuka mfululizo) ya kasi haiwezi, LDR inachelewa kurudi gizani, na nobu inayotumia miguu yote mitatu kama ya volyumu inataka LDR mbili.