Kadi ya COM kwenye desktop, cheki jampa kwanza

Wadau wa Mtwara na Masasi mnaounga mizani ya korosho kwenye kompyuta pale ghalani, desktop nyingi za siku hizi hazina tena ile poti ya COM (ya serial) ya pini 9 inayopokea data ya mizani kwahiyo inabidi ununue kadi, sasa kabla hujalipa fungua kava ucheki sloti maana PCI ya zamani na PCI Express haziingiliani kabisa. Chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha kesi, ndo uchomeke. Ila hapa kwenye jampa (kile kiplastiki kidogo kwenye kadi kinachounganisha pini mbili) wengi wanapapita tu: kuna kadi zinaweza kupeleka volti 5 au 12 kwenye pini ya 9, iache jampa kwenye RI (Ring Indicator, ishara ya kawaida isiyotoa umeme huo) labda kifaa chenyewe kiwe kinahitaji huo umeme, usije ukaunguza mizani ya watu na msimu ndo huo. Ukishaweka draiva, Windows mara nyingi inaipa COM3 kwenda juu na programu zingine za kizamani zinaijua COM1 na COM2 tu (zinakera kweli), ingia Device Manager, Ports, bofya mara mbili poti yenyewe, Port Settings, Advanced, badilisha namba. Spidi ya kupeleka data (baud rate) ifanane na ya mizani, mfano 9600. Ikiwa bado kimya jaribu kebo inayopishanisha pini ya 2 na ya 3.