Kurudia dawa ya wasiwasi baada ya kuiacha: wiki mbili za mwanzo

Dawa za sonona ambazo hutibu pia wasiwasi uliokithiri, kama vile sertralini, escitalopramu na fluoksetini, huwa na maudhi zaidi katika wiki moja au mbili za mwanzo, na anayezirudia baada ya miezi kadhaa asitarajie kuendelea pale alipoishia, kwa kuwa mwili aghalabu huwa umekwisha kuyapoteza mazoea yake.

Hatua ya kwanza ni kumweleza daktari uliiacha dawa lini, ulikuwa ukimeza kiasi gani na ilikusumbua vipi. Usifungue vidonge vilivyobaki ukaanza na dozi ya zamani. Mwenye mashambulizi ya hofu, kwa mfano, kwa kawaida huanzishiwa sertralini ya miligramu 25 kwa siku, kisha 50 baada ya wiki moja, hata kama zamani alifikia 100. Taja pia dawa nyingine unazotumia, kwani tramadoli, dawa ya maumivu makali, inaweza kuzidisha serotonini (kemikali ya ubongo inayohusika na hisia) kupita kiasi, nazo ibuprofeni na aspirini huongeza hatari ya kuvuja damu tumboni. Kama umewahi kupata vipindi vya uchangamfu wa kupindukia huku hulali wala huchoki, hilo ndilo la kumweleza daktari kwanza.

Hatua ya pili ni saa ya kumeza: pamoja na chakula ukiwa na kichefuchefu, asubuhi ukikosa usingizi, jioni ukisinzia.

Hatua ya tatu ndiyo inayowashinda wengi. Wasiwasi wenyewe unaweza kupanda kabla ya kushuka, ukaambatana na kutetemeka, moyo kwenda mbio na kutotulia, kwa sababu dawa huanza kuigusa serotonini ndani ya saa chache ilhali nafuu huchukua wiki 2 hadi 6, pengine zaidi. Mtu ambaye ugonjwa wake ni kuchunguza kila pigo la moyo (na hapo ndipo ulipo ugumu) huliona ongezeko hilo kuwa ushahidi kwamba dawa inamdhuru, akaiacha siku chache kabla maudhi hayajaanza kupungua. Andika hali yako kila jioni, ulinganishe wiki na wiki, si siku na siku.

Hatua ya nne ni kujua yasiyovumiliwa. Mawazo ya kujiua, ambayo hatari yake huongezeka hasa kwa walio chini ya miaka 25, au homa pamoja na misuli kukakamaa na kuchanganyikiwa, yanahitaji hospitali saa hiyohiyo.

Maswali ya wanachama

Swali: Nimerudia dawa wiki iliyopita na bado naharisha. Je, nimeze siku moja, niache moja?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Kwa sertralini, kurukaruka hupandisha na kushusha kiwango cha dawa mwilini, nawe hubaki mwanzoni daima. Kunywa maji ya kutosha, na hali isipotulia mwombe daktari apunguze dozi kwa muda.

Swali: Hamu ya tendo la ndoa imepotea. Nayo itapita?

Jibu: Sitakupa tumaini la bure. Tofauti na kichefuchefu, tatizo hili mara nyingi hudumu muda wote wa matumizi. Mwambie daktari bila haya, kwani anaweza kupunguza dozi au kubadilisha dawa. Usiache ghafla, maana unaweza kupata kizunguzungu na mishtuko kichwani iliyo kama ya umeme, juu ya wasiwasi uleule uliokurudisha kwenye dawa.