Kupandisha alkaliniti ya bwawa la kuogelea kwa baking soda

Bwawa ambalo leo pH (kipimo cha uasidi wa maji) ni 7.0 na keshokutwa ni 7.8, mara nyingi limepungukiwa alkaliniti, yaani uwezo wa maji kuzimua asidi, kwani ndiyo inayoishikilia pH isiyumbe. Masika huishusha, maana maji ya mvua karibu hayana alkaliniti kabisa. Vidonge vya klorini aina ya trikloro navyo huila polepole kwa asidi yake. Lenga miligramu 80 hadi 120 kwa lita.

1. Jua ujazo. Bwawa la mita 10 kwa 5, lenye kina cha 0.9 upande mmoja na 1.9 upande wa pili, lina wastani wa mita 1.4, yaani mita za ujazo 70.

2. Pima alkaliniti na pH. Zamisha chupa mkono uingie mpaka kiwiko, mbali na tundu la maji yanayotoka kwenye pampu. Kama unatumia trikloro, pima pia asidi ya sayanuriki, ambayo vidonge hivyo huiacha majini na kipimo huihesabu kama alkaliniti, kisha utoe theluthi yake kwenye alkaliniti. Kipimo kikionyesha alkaliniti 90 na sayanuriki 60, alkaliniti unayoitegemea ni 70 tu. Wengi hukwama hapa: namba inapendeza, bwawa bado linayumba.

3. Piga hesabu. Gramu 17 za baking soda kwa kila mita ya ujazo hupandisha alkaliniti kwa 10. Kutoka 60 hadi 90 katika bwawa letu: 17 × 70 × 3, sawa na kilo 3.6 hivi.

4. Anza na theluthi mbili, kilo 2.4. Ndoo ya lita 20 usiitie zaidi ya kilo moja na nusu, la sivyo unga hautayeyuka wote. Tumia maji ya kawaida. Ya moto huanza kuigeuza baking soda kuwa kaboneti, ambayo hurusha pH juu. Washa pampu, mwaga taratibu ukizunguka bwawa. Ukimwaga yote mahali pamoja, unga usioyeyuka hutulia sakafuni.

5. Acha pampu izungushe maji kwa muda wa saa sita, pima tena, ndipo uongeze kilichobaki kama bado kinahitajika. Alkaliniti ikikaa sawa, rekebisha pH, kisha klorini.

Soma pakiti: iwe sodiamu baikaboneti tupu. Baking powder ina asidi na wanga, haifai. Magadi ya sokoni pia yaache. Yana kaboneti nyingi na uchafu usioujua.

Kama alkaliniti ni 100 na pH ni 7.0, usiongeze baking soda. Elekeza tundu la kurudishia maji juu ili uso wa maji utibuke na kutoa mapovu. Gesi ya kaboni ikitoka, pH hupanda yenyewe na alkaliniti hubaki ilipo. Ukizidisha baking soda, pH itapanda kila mara, na kwa maji magumu ya kisima chokaa itaganda kwenye vigae na ndani ya mabomba. Kuishusha alkaliniti kunahitaji asidi, kazi ndefu na ya hatari zaidi kuliko kupima mara mbili.